Muthaiga kwa Macho ya Mtu wa Ndera

Neno kitongoji lina mambo. Kamusi zetu hulieleza kuwa ni kijiji kidogo au sehemu ndogo ya mji, basi. Lakini sisi tuishio Kenya tumelivika neno hili nguo mbili zisizofanana hata kidogo. Tukisema kitongoji duni, kila mtu huona mabati yaliyobanana na mitaro ya maji machafu. Tukisema kitongoji cha kifahari, huonekana malango marefu, nyasi zilizokatwa zikalingana, na mbwa wanaokula wakasaza. Mimi nilizaliwa katika kitongoji cha namna ya tatu, ambacho hakijapewa sifa yoyote: si duni wala si cha kifahari, ni kitongoji tu, kando ya Mto Tana, katika eneo la Ndera. Katika makala haya ningependa kumsimulia msomaji habari za vitongoji hivyo vitatu, kwa sababu mwaka 2024 mvua moja ilinionyesha kwamba vimefungamana kuliko nilivyodhani.

Ndera ni jina la mahali na pia ni jina la watu. Wandera ni mojawapo ya makundi ya Wapokomo wa sehemu za juu za mto, na sisi wenyewe hujiita Wapfokomo, kwa ile sauti ambayo wenzangu chuoni hujaribu kuitamka wakaishia kucheka. Kipokomo ni ndugu wa damu wa Kiswahili. Wanaisimu huziweka lugha hizi mbili katika kundi moja la Sabaki, pamoja na Kimijikenda, Kiilwana na Kikomoro. Kwetu mto si mandhari ya kutazamwa. Mto ni shamba, kwa kuwa tunapanda mahindi, mpunga na ndizi pale maji yanapofurika na kurudi. Mto ni barabara, kwa kuwa tunavuka kwa mtumbwi. Mto ni kisima na jikoni, na kwa wale waliochukuliwa na mamba, mto ni kaburi. Mimi nilizaliwa mwishoni mwa mwaka 1997, wakati wa mafuriko ya El Niño. Mama hunisimulia kwamba alijifungua juu ya kichuguu cha mchanga walikohamia, huku akiyasikia maji yakipita chini yao usiku kucha. Kwa hiyo naweza kusema bila ya mzaha kwamba sauti ya kwanza niliyoisikia duniani baada ya sauti ya mama ilikuwa ya Tana.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, aliondoka Ndera akiwa kijana. Alifanya vibarua Malindi, akahamia Mombasa, na hatimaye akafika Nairobi, akawa mtunza bustani katika nyumba moja ya Muthaiga. Nilipopata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili mwaka 2023, karo ilipatikana kwa taabu, ila pesa za chumba hazikupatikana. Mjomba akazungumza na mwenye nyumba, mama mmoja mwenye maneno machache na moyo mwema, nami nikaruhusiwa kulala pamoja na mjomba katika chumba cha uani. Badala ya kodi, ningemfundisha Kiswahili binti wa nyumba, msichana wa miaka 11 aliyekuwa akisoma katika shule yenye mtaala wa Uingereza.

Muthaiga ipo kati ya Barabara ya Limuru na Barabara ya Thika, ikiegemea msitu wa Karura. Nyumba zenyewe hazionekani kutoka njiani. Kinachoonekana ni ua wa kayaba wenye miiba, ukuta nyuma ya ua, nyaya za umeme juu ya ukuta na bawabu mbele ya lango. Miti ni mirefu, na kivuli chake ni kizito hata saa saba za mchana. Kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Ndera, hata usiku wa manane, utasikia chura, kiboko au mtoto anayelia nyumba ya tatu. Muthaiga nililala wiki ya kwanza nikihisi kama nimezibwa masikio. Jambo la pili lililonishangaza ni kwamba njia hazina watu. Baada ya siku chache nikaielewa kanuni: mtu anayetembea kwa miguu Muthaiga ni mfanyakazi, na anayekimbia kwa miguu ni mwenye nyumba.

Historia ya mahali hapa inaeleza mengi kuhusu ukuta na ukimya huo. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, mji ulichipuka kwenye uwanda wenye kinamasi, na walowezi wenye uwezo wakaanza kutafuta sehemu za juu zenye hewa safi. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa tarehe 31 Desemba 1913, ikawa baraza la Wazungu wenye mashamba na vyeo. Katika miaka hiyohiyo Profesa W. J. Simpson aliandika ripoti iliyopendekeza makazi ya mjini yagawanywe kwa misingi ya rangi. Mwafrika aliingia Muthaiga akiwa na sinia mkononi au jembe begani, na akilala huko, alilala uani. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 mlango ulifunguliwa. Mabalozi, wafanyabiashara na viongozi wa taifa wakahamia, na Mwai Kibaki, rais wa tatu, alikuwa na makazi yake huko. Hata hivyo, chumba cha uani hakikubomolewa. Aliyebadilika ni mtu anayelala katika nyumba kubwa. Anayelala uani ni yuleyule, ila sasa wakati mwingine ana shahada ya kwanza ya Kiswahili.

Msomaji asidhani kwamba nalalamika. Chumba chetu kilikuwa cha mawe, kilikuwa na taa, na nje ya mlango kulikuwa na mfereji ambao sikuwahi kuufungua ukakosa kutoa maji. Ndera nilisoma kwa koroboi hadi darasa la nane. Usiku wa kwanza Muthaiga nilisoma riwaya nzima, si kwa kuwa ilikuwa tamu, bali kwa kuwa taa haikuzimika.

Kilichoniumiza kilikuwa kitu kingine, na kilihusu lugha. Katika nyumba ile Kiswahili kilikuwapo kuanzia alfajiri hadi usiku, lakini kilikuwa Kiswahili cha namna moja. Wenye nyumba walizungumza Kiingereza wao kwa wao. Kiswahili kilianzia mlango wa jikoni na kuishia langoni. Fungua. Funga. Leta. Osha. Ngoja. Pesa iko wapi. Gari ioshwe. Mimi niliyekaa darasani nikichambua vitenzi na minyambuliko yake, niligundua kwamba lugha ninayoisomea shahada ya pili imepunguzwa katika nyumba ile hadi vitenzi vya kuamrisha. Hakuna aliyesimulia kwa Kiswahili, hakuna aliyetania, hakuna aliyeomba radhi. Binti niliyemfundisha alikuwa mtoto mwenye akili nyepesi na adabu nzuri, lakini siku ya kwanza nilipomwambia azungumze nami kwa Kiswahili, alifikiri kidogo kisha akaniambia, "Mwalimu, keti." Hakukusudia ubaya. Alinipa heshima yote aliyokuwa nayo katika lugha hiyo, na ikatokea kuwa ni amri.

Tukaanza kazi. Nilimfundisha kusema "tafadhali" na "naomba". Nikamfundisha "hapo zamani za kale". Nikamfundisha vitendawili ambavyo bibi yangu alikuwa akitutegea, na baada ya miezi michache yeye ndiye aliyekuwa akinitegea mimi, akifurahi kupita kiasi nilipokosa jibu akadai apewe mji. Kila mara alichagua kupewa Muthaiga. Siku moja nikamwambia, "Muthaiga unao tayari, chagua mwingine." Akaniuliza, "Wa kwenu ni upi?" Nikamwambia Ndera. Akasema, "Haya, nipe Ndera." Nikampa.

Wakati huo nilikuwa nikiandika tasnifu kuhusu taswira ya nyumba ya tajiri katika riwaya ya Kiswahili, na kiini chake kilikuwa Kasri ya Mwinyi Fuad ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978. Wanaoifahamu riwaya hiyo watamkumbuka Kijakazi, mtumishi anayemtii bwana wake hata anapodhalilishwa. Nilikuwa nimejaza kurasa 40 kuhusu Kijakazi. Nilieleza fahamu zake, minyororo yake, ukimya wake. Mtu niliyelala naye chumba kimoja, ambaye ameitumikia nyumba ya tajiri kwa zaidi ya miaka 20, sikuwahi kumwuliza swali hata moja. Msimamizi wangu aliposoma sura ile aliandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Je, mtumishi mwenyewe angesemaje?" Niliudhika. Nilidhani anauliza kuhusu riwaya.

Basi mchana mmoja wa kiangazi, Februari 2024, nilitoka na kiti nikaketi karibu na mjomba alipokuwa akinywesha bustani. Alikuwa ameshika mpira wa maji kwa mkono mmoja, na mwingine ameuweka kiunoni, kama mvuvi anayesubiri.

"Mjomba," nikamwuliza, "huchoki kuyamwagilia maji majani yasiyoliwa?"

Akacheka. "Majani haya ndiyo yaliyokusomesha wewe sekondari, mpwa wangu. Usiyatukane." Kisha akauinua ule mpira kidogo. "Na haya maji, unayajua yanatoka wapi?"

Nilisema yanatoka kwa kampuni ya maji.

"Yanatoka kwetu," akasema. "Ni Tana hii. Wameikata ikiwa bado mtoto."

Nilidhani ni maneno ya mzee mwenye hamu ya nyumbani. Nilipochunguza nikakuta kwamba amesema kweli. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika bwawa la Ndakaini, lililokamilishwa mwaka 1994 kwenye Mto Thika, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70. Maji husafishwa Ng'ethu, yakateremshwa hadi matangi ya Gigiri, jirani na Muthaiga, kisha yakasambazwa mjini. Na Mto Thika, usingezuiwa, maji yake yote yangeingia Tana. Hata umeme niliousomea ulikuwa na nasaba hiyohiyo, kwa kuwa mabwawa ya Kindaruma (1968), Kamburu (1974), Gitaru (1978), Masinga (1981) na Kiambere (1988) yote yamejengwa juu ya Tana. Fauka ya hayo, maji yale yakishatumika Nairobi hayarudi Tana kamwe. Mito ya Nairobi humiminika katika Athi, Athi huwa Galana, na Galana hufika bahari karibu na Malindi ikiitwa Sabaki. Sabaki! Jina lilelile ambalo wanaisimu wamelipa kundi la lugha zetu. Tone la maji lililokusudiwa kupita Ndera hupita Muthaiga, likafika pwani kwa jina la ukoo lakini kwa njia ya ugenini. Sikuweza kujizuia kujiona mimi mwenyewe katika tone hilo.

Kisha ikaja mvua ya Aprili. Msomaji wa Kenya hahitaji kukumbushwa. Usiku wa kuamkia tarehe 24 Aprili 2024 ilinyesha kana kwamba mbingu imetobolewa. Muthaiga ina miteremko na mifereji mizuri. Maji yalipita bustanini, yakaingia mitaroni, yakaondoka. Yaliondoka kwenda wapi? Mto Mathare hupita pembezoni mwa Muthaiga, ukavuka Barabara ya Thika, ukaingia katika kitongoji cha Mathare, ambacho kutoka langoni petu ni mwendo wa miguu usiofika nusu saa. Mpishi wa nyumba ile alikuwa akiishi Mathare. Asubuhi hakuja. Alipokuja siku ya pili, miguu yake ilikuwa na matope hadi magotini, na alikuwa amebeba mtoto wake mgongoni kwa kuwa hakuwa na mahali pa kumwacha. Watu walikufa Mathare usiku ule. Wiki chache baadaye, serikali ilipoamuru watu wahame kandokando ya mito, tingatinga zilifika pia.

Siku chache baada ya usiku ule, mama alinipigia simu. Nyuma ya sauti yake nilisikia upepo na mbuzi.

"Mabwawa yamejaa," akasema. "Yanafurika huko juu. Tumeambiwa tuhame."

"Mmehama?"

"Tumehama jana. Nyumba imekwenda, mwanangu. Migomba imekwenda. Mahindi hata usiulize." Akanyamaza kidogo. "Lakini sisi tu wazima. Shukuru."

Hapo ndipo nilipotenda jambo ambalo hadi leo linanisumbua, na ndilo lililonifanya niandike makala haya. Jioni ile mwenye nyumba alipita uani akielekea kwenye gari. Aliniona nimesimama, akaniuliza kwa adabu, kwa Kiingereza, kama nyumbani kwetu ni salama, maana alikuwa amesikia habari za mafuriko. Nikamjibu, "Ndiyo, mama. Kwema."

Nilisema kwema! Wenzangu tuliolelewa katika Kiswahili tunaelewa jinsi neno hili linavyotoka mdomoni lenyewe. Tumefunzwa kwamba habari ya kwanza ni njema, hata kama kuna maiti ndani. Mabaya huja baadaye, baada ya mgeni kuketi na kunywa maji. Ni uungwana. Lakini desturi hiyo inamtarajia mwulizaji aketi. Yule mama alikuwa na ufunguo wa gari mkononi, nami sikumpa nafasi ya kuketi. Nilitumia adabu ya lugha yangu kama ukuta, na nilipoingia chumbani nikaona kwamba wajenzi wa ukuta wa Muthaiga ni wengi kuliko nilivyoandika katika tasnifu. Mjomba alikuwa amesikia. Hakunilaumu. Alisema tu, "Mimi nimesema kwema hapa miaka 20."

Kesho yake binti alikuwa na insha ya kuandika kuhusu mvua. Alikuwa ameanza vizuri, kwamba mvua ni baraka, kwamba mimea hustawi na ndege huimba. Nikasoma nikanyamaza. Akaniuliza kama kuna makosa ya sarufi. Nikamwambia hakuna, kisha nikamwomba anisikilize. Nikamsimulia habari za Ndera, nyumba ya mama yangu, migomba, na watu waliohamia sehemu ya juu wakisubiri mto ushibe. Alisikiliza kama asikilizavyo hadithi. Mwishoni akauliza, "Mwalimu, mto huo uko mbali?"

Nikainuka, nikamchukua hadi kwenye mfereji wa uani, nikaufungua. "Huu hapa," nikamwambia.

Alifikiri namtania. Nilipomweleza habari za Ndakaini, alikaribisha mkono chini ya maji akauacha hapo kwa muda, kisha akaufunga mfereji yeye mwenyewe, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Usiku ule mama yake alikuja uani. Kwa muda wote niliokaa pale hakuwahi kufika mlangoni petu. Alisimama kizingitini, mjomba akampa kiti, akaketi. Akaniuliza kwa Kiswahili kilichojikwaa hapa na pale: "Kwa nini hukuniambia?" Sikuwa na jibu la kumpa, na sidhani alitegemea jibu. Alizungumza nasi kama nusu saa, akamwuliza mjomba majina ya watoto wake, ambayo alikuwa hayajui. Siku iliyofuata alituma msaada nyumbani, na msaada huo uliezeka paa la mama. Wema huo sitausahau. Lakini nikiulizwa ni kitu gani nilichopewa usiku ule, nitataja lile swali kabla ya pesa. Lilikuwa sentensi ya kwanza ya Kiswahili niliyoisikia kutoka kwake ambayo haikuwa amri.

Sitaki kudanganya kwamba baada ya hapo mambo yalibadilika. Nyasi zinaendelea kunyweshwa Muthaiga, na maji ya Thika yanaendelea kupanda Gigiri. Mjomba aliacha kazi mwisho wa mwaka 2024, akarudi Ndera kupanda miembe. Nilimsindikiza, kisha nikateremka hadi Kipini kutazama magofu ya Ungwana, mji wa kale wa Waswahili karibu na mdomo wa Tana ambao James Kirkman aliuchimbua katika miaka ya 1950. Nao ulikuwa mji mdogo wa wenye mali. Kuna mabaki ya misikiti, makaburi ya fahari, na ukuta uliouzunguka mji wote. Karne ya 17 ulikuwa umekwisha kuhamwa. Niliketi juu ya mawe ya ukuta ule nikijiuliza ni nani aliyewaletea chakula waungwana wale, na kama waliwahi kumwuliza habari za nyumbani huko juu ya mto. Jibu silipati katika mawe, na nina shaka kama nitalipata katika tendi zetu.

Sura ile ya tasnifu nimeiandika upya. Kurasa 40 zimekuwa 25, na katika 10 kati ya hizo anazungumza mjomba wangu, kwa idhini yake. Nawaomba wenzangu tunaosomea fasihi ya Kiswahili tufanye vivyo hivyo. Tumeyasoma makasri ya vitabuni hadi tumeyakariri. Tuyatazame pia tunayopita kila siku tukiwa ndani ya matatu, tuketi na wanaolala uani, tuwaulize habari, na wakitujibu "kwema" tusiondoke. Tungoje neno la pili.